Jike Namba Mbili

Mhadhara uliotolewa jijini Mwanza mbele ya wafugaji wa samaki wa mapambo, wanafunzi wa uvuvi na wakazi wa jiji

 

Nimekuja na daftari. Ni kaunta buku la zamani, jalada limevimba kwa maji na kingo za kurasa zimekuwa za kahawia. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeandika, kwa mwandiko wa kijana mwenye uhakika na kila kitu, orodha ya samaki watano niliowaweka kwenye tangi la kioo nyumbani kwa mama yangu, hapa hapa Mwanza. Mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, aliniletea kwenye ndoo ya plastiki kutoka kwenye miamba ya visiwani. Orodha inasema hivi: dume mmoja, mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye milia myeusi, majike wanne, rangi ya mchanga. Majike nimewapa namba, moja hadi nne.

Miezi mitatu baadaye yule dume aliruka usiku. Nilikuwa nimesahau kufunika tangi. Nilimkuta asubuhi sakafuni, amekauka, na wekundu wake umeshafifia ukawa kama kutu. Nilihuzunika, nikamzika uani, nikaenda shuleni. Jioni niliporudi nikaona Jike namba 2 ana mstari mweusi unaopita jichoni, mstari ambao sikuwahi kuuona kwake. Siku ya tatu alikuwa ameshahamia chini ya jiwe la marehemu, anawafukuza wenzake watatu kila walipolisogelea. Wiki ilipoisha mgongo wake ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari mara mbili chini yake: Jike namba 2 amegeuka dume.

Nilimkimbilia yule mzee kumweleza muujiza. Alinisikiliza huku akishona wavu, macho yake hayakuondoka kwenye sindano.

"Hajageuka, mjukuu wangu," akasema. "Alikuwa dume tangu ulipompokea. Alikuwa anamwogopa mwenye nyumba."

Nimefuga samaki zaidi ya miaka 30 tangu siku ile, na kila mwaka kuna mtu anayeniletea samaki kwenye mfuko wa nailoni na kuniuliza: huyu dume au jike? Huwa anataka jibu palepale, kwa kutazama rangi. Jioni hii nataka niwaeleze kwa nini jibu hilo mara nyingi siwezi kulitoa palepale, na kwa nini jambo hilo linapaswa kutugusa sisi tunaoishi ukingoni mwa ziwa hili kuliko linavyomgusa mfugaji wa Berlin au Tokyo. Rangi ya samaki wa maziwa yetu ni habari ya hali yake kwanza: nani amemshinda, amekula nini, anaishi kwenye mwanga gani. Jinsia imo ndani ya habari hiyo, lakini imechanganyika na mengine, na anayeisoma kwa haraka atasoma kama nilivyosoma mimi.

Samaki ninaowazungumzia mnawajua. Hapa kwetu tunawaita furu. Waluo wanasema fulu, Waganda wanasema nkejje. Ni wadogo, wengi hawafiki urefu wa kiganja, na kwa muda mrefu tuliwaona kama chakula cha maskini na chambo cha ndoana. Ndugu zao wa Ziwa Nyasa wanaoishi kwenye miamba huitwa mbuna, na jina hilo limesafiri na samaki wenyewe hadi kwenye maduka ya Ulaya na Marekani, ambako watu wasiojua Nyasa iko wapi wanalitamka kila siku. Ziwa Tanganyika lina wake pia, na ndio wa kale kuliko wote. Wote hawa ni ukoo mmoja na sato na perege mnaowala. Mtu akinunua samaki wa mapambo wa maji baridi wenye rangi kali kama za samaki wa baharini, mara nyingi amenunua mtoto wa maziwa yetu haya matatu.

Nirudi kwa yule aliyejificha. Kwenye Ziwa Tanganyika, pembezoni kwenye vina vifupi, kuna samaki ambaye wanasayansi wanamwita Astatotilapia burtoni. Mmarekani Russell Fernald alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kumsoma samaki huyu mmoja, na aliyoyaona yangemfurahisha yule mzee mshona wavu. Dume mwenye eneo lake ana rangi kali, ya buluu au ya njano, na mstari mweusi unaokatiza jichoni. Anachimba shimo, anafukuza madume, anawaita majike. Dume asiye na eneo anapauka. Mstari wa jicho unafutika, anaogelea katikati ya kundi la majike, na mtu akimtazama kwa juu juu hamtofautishi nao. Hata ndani ya mwili wake korodani zimenywea. Mwondoe mbabe, na yule mnyonge ataanza kuvaa rangi ndani ya dakika chache. Kwenye ubongo wake kuna seli zinazotoa kichocheo cha uzazi, na seli hizo kwa dume mwenye eneo ni kubwa mara kadhaa kuliko za dume asiye na kitu. Akinyang'anywa eneo, zinasinyaa tena.

Kwa hiyo mfugaji anayekwenda dukani na kukuta samaki mmoja mwekundu na wanane waliopauka ndani ya tangi moja, akaambiwa "dume mmoja, majike wanane", anunue kwa tahadhari. Inawezekana kabisa ndani ya wale wanane wamo madume watatu wanaosubiri. Akifika nao nyumbani, akawaachia nafasi, atapata vita. Madume waliobanwa kwenye tangi dogo huuana, na wanaoanza kufa ni wale ambao hawana jiwe la kujificha.

Kuna kosa la pili, na hili linawapata hata wenye uzoefu: kudhani kwamba mwenye rangi nzuri ndiye dume. Chukueni mbuna anayeitwa Melanochromis auratus. Akiwa mchanga ni wa njano ya dhahabu mwenye milia myeusi, na jike anabaki hivyo maisha yake yote. Dume akikomaa na kupata eneo hugeuka kama picha iliyopinduliwa: mwili unakuwa mweusi, milia ndiyo inayong'aa. Watu hununua vifaranga sita wa dhahabu, mmoja anapoanza kuwa mweusi wanadhani anaumwa, wanamwekea dawa. Au Metriaclima lombardoi, wa visiwa vya Mbenji upande wa Malawi. Huyu vifaranga na majike ni wa buluu wenye milia ya giza, na dume akikomaa anakuwa wa njano. Mfugaji aliyezoea kwamba buluu ni dume na njano ni jike atawapanga kinyume wote.

Halafu kuna wale wenye mabaka, wa rangi ya chungwa iliyomwagiwa wino. Hawa wana kisa kizuri. Kwa mbuna wa porini, mabaka hayo ni ya majike karibu siku zote. Thomas Kocher na wenzake walichapisha mwaka 2009 maelezo ya sababu yake. Mabaka yanamsaidia jike kujificha kwenye mwamba, lakini yanamharibia dume rangi ambazo majike wanamchagulia. Kitu kimoja, faida kwa huyu na hasara kwa yule. Na wakagundua kwamba jeni ya mabaka imekaa jirani kabisa na jeni inayomfanya samaki awe jike, hivi kwamba zinarithiwa pamoja. Dume mwenye mabaka hutokea, ila ni nadra. Sasa tahadhari: madukani wapo samaki wenye mabaka wa umbo lingine, wale wanaouzwa kama "tausi", na hao wengi ni madume. Ni machotara waliotengenezwa na wafugaji kwa kuingiza jeni ya mabaka ya mbuna kwenye damu ya samaki wengine. Kanuni ya ziwani haiwahusu.

Na kwa kuwa nimetaja maduka, niseme jambo ambalo linaniuma. Ipo tabia ya kuwalisha vifaranga na majike homoni za kiume ili wang'ae mapema na kuuzika. Ukiona tangi zima la samaki wadogo, kila mmoja ana rangi ya dume mkubwa, na hakuna hata mmoja aliyepauka, jiulize majike wameenda wapi. Ukiwafikisha nyumbani, baada ya muda rangi inafifia, na wengine hawatazaa vizuri kamwe. Sisemi homoni ni kitu cha ajabu kwenye ufugaji. Wanafunzi wa uvuvi mnajua kwamba vifaranga wa sato huchanganyiwa homoni kwenye chakula kwa wiki tatu hadi nne ili wote wawe madume, kwa sababu dume wa sato hukua haraka na bwawa halijazwi na vifaranga wasiotakiwa. Lakini mfugaji wa sato anajua anachonunua. Kijana anayenunua samaki wa mapambo kwa akiba yake hajui.

Basi mtu afanyeje? Afanye wanavyofanya wafanyakazi wa vituo vya vifaranga vya sato: amshike samaki, amgeuze, atazame chini.

Nitawaeleza kwa mwendo wa taratibu, kwa sababu ni jambo la mikono. Lowesha kiganja kwanza. Mkono mkavu unamvua samaki ute wake, na bila ute maradhi yanaingia. Mpokee kutoka kwenye wavu, mlaze chali kwenye kiganja, kichwa kikielekea kwenye kifundo cha mkono wako, kidole gumba kikimshika kwa upole karibu na mkia. Ukimfunika macho kwa kitambaa kilicholowa hutulia zaidi. Sasa tazama kati ya mapezi ya tumbo na pezi lile refu la chini linaloanza karibu na mkia. Kuna matundu. La kwanza, upande wa kichwani, ni la haja. La pili, upande wa mkiani, ndilo la uzazi. Kwa dume, la pili ni dogo, limechongoka kidogo, ukubwa wake haupishani sana na la kwanza. Kwa jike, la pili ni pana, la mviringo, kubwa kuliko la haja, kwa sababu mayai yatapita hapo. Kwa sato mkubwa utaona hata zaidi: kwenye kijinyama cha jike kuna mpasuko wa mayai uliokaa kwa kukingama, tofauti na kitundu cha mkojo. Kwa samaki mdogo macho hayatoshi. Chovya pamba kwenye dawa ya zambarau, ile GV ya vidonda vya watoto, paka kidogo, futa. Rangi inabaki kwenye mikunjo, na umbo la tundu linajichora lenyewe.

Fanya haraka, mrudishe majini. Na usimtazame mmoja tu. Watazame watatu, wanne, kwa mfuatano, maana jicho linajifunza kwa kulinganisha. Mimi nilitazama samaki zaidi ya 50 kabla sijaacha kubahatisha.

Njia hii inakuwa ya lazima kwa wale ambao Mungu amewapa dume na jike sura moja. Ziwa Tanganyika limejaa hao. Tropheus, wale wa mwambao wa mawe kuanzia Kigoma kwenda kusini, ambao kila ghuba ina rangi yake, hawatofautiani kwa rangi kati ya dume na jike. Wote wanang'ara, wote wakali, wote wanalinda eneo. Mfugaji wa Tropheus asiyejua kutazama tundu atabaki akiomba dua.

Ukubwa nao msiutegemee. Kwa samaki wengi wa mbuna na furu dume ni mkubwa, sawa. Lakini mwambao ule ule wa Tanganyika una Julidochromis, wembamba wenye mistari, na kwa baadhi yao jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye sauti ndani ya nyumba. Na papo hapo kuna Lamprologus callipterus, ambaye amevunja mizani upande wa pili. Dume wake anaweza kumzidi jike uzito mara 12. Sababu yake ni konokono. Jike hutaga ndani ya kombe tupu la konokono, humo humo akalinda mayai, kwa hiyo lazima awe mdogo wa kuweza kuingia. Dume kazi yake ni kuokota makombe kwa mdomo na kuyarundika sehemu moja, mengine akiyaiba kwa jirani, kwa hiyo lazima awe mkubwa wa kuweza kuyabeba. Mtu akiwaona pamoja kwa mara ya kwanza hudhani ni samaki wa aina mbili, tena mmoja anataka kummeza mwenzake.

Pwani sitakaa sana, maana si kwetu, ila wageni wetu waliotoka Unguja hawatanisamehe nikiwaruka. Unguja ina samaki wake ambaye hapatikani porini mahali pengine popote duniani, Nothobranchius guentheri, anayeishi kwenye madimbwi yanayokauka kiangazi. Samaki wenyewe wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope kavu yakingoja mvua. Kwake mtoto mdogo atakutajia dume: mkia mwekundu, mwili wa buluu ya kijani. Jike ni wa kijivu, kimya, hana hata doa. Na huko baharini kwenye matumbawe wako wale samaki wa rangi ya chungwa na nyeupe waishio katikati ya minyiri ya sumu. Kwao swali letu lenyewe linabadilika, kwa sababu wote huanza wakiwa madume, na mkubwa wa kundi ndiye huwa jike. Jike akifa, mume wake anakuwa jike, na anayefuata chini yake anapanda kuwa mume. Hans Fricke na Simone Fricke waliliandika hilo mwaka 1977. Huko kweli dume hugeuka jike. Kijana wa daftari langu angekuwa sahihi kidogo kama angefuga wale.

Turudi ziwani kwetu, kwenye miamba, na sasa nataka tumtazame jike.

Ukimkamata dume wa furu ukamtandaza pezi lile la chini la nyuma, utaona madoa ya njano au ya chungwa, ya mviringo, kila moja limezungukwa na pete inayoangaza. Ni kama mayai yamechorwa. Majike wengi nao wana madoa, ila hafifu, madogo, bila pete iliyokamilika, kwa hiyo msiseme tu "ana madoa, basi dume". Mtafiti Wolfgang Wickler ndiye aliyeeleza kazi ya madoa haya, mwaka 1962, na mimi nimeitazama kwa macho yangu kwenye kioo mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuihesabu. Dume anatetemeka mbele ya jike, anamwongoza kwenye shimo lake. Wanazunguka, kichwa kwa mkia. Jike anataga yai moja au mawili na kugeuka papo hapo kuyadaka mdomoni, kabla hata hayajatulia kwenye mchanga. Dume anatandaza pezi lake chini. Jike anayaona yale madoa, anajaribu kuyadaka nayo kama mayai yaliyosahaulika, na akiwa mdomo wazi pale pale dume anamwaga manii. Mayai yanarutubishwa mdomoni mwa mama.

Baada ya hapo huhitaji kumgeuza mtu chali. Tazama kidevu. Jike anayeatamia mdomoni ana koo lililovimba, lenye ngozi iliyotuna kama mfuko, na anatafuna polepole bila kitu cha kutafuna: anayageuza mayai yapate hewa. Ukitupa chakula anakuja, anakitazama, anarudi nyuma. Atakaa hivyo wiki mbili, hata tatu, bila kula. Nimewaona wakikonda mpaka mgongo unakuwa kama wembe, na bado hawafungui mdomo. Siku ya kuwaachia vifaranga huwa nakaa karibu na tangi tangu alfajiri. Wanatoka kama moshi, kisha kivuli kikipita wote wanarudi mdomoni kwa mpigo mmoja.

Huyu ndiye tunayempa nusu ya bei. Dukani dume mwenye rangi ana bei yake na jike anatupiwa kama nyongeza. Hata sayansi imewapa samaki hawa majina kwa kutazama madume. Na hapa ndipo penye ugumu mkubwa kuliko yote niliyoyasema, kwa sababu kumjua jike kwamba ni jike ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua ni jike wa nani.

Wapo kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza samaki wawili wa jamii ambayo wanasayansi wameipa jina la Kiswahili, Pundamilia, kwa ajili ya milia yao. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, na dume wake ni wa buluu iliyokolea majivu. Wa pili ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, na dume wake ni yule mwekundu wa daftari langu. Waweke madume hawa wawili mezani, mtu anayepita barabarani atakutenganishia. Waweke majike wao mezani, hata mimi nitaomba muda. Wote wa njano ya mchanga, wote na milia hafifu. Ukichanganya majike hao kwenye tangi moja na kuweka dume mmoja, watazaa, na watoto watazaa tena. Baada ya vizazi vichache utakuwa na samaki wasio wa buluu wala wekundu, ambao hakuna mwamba wowote duniani unaowajua.

Porini nani anawatenganisha? Majike wenyewe. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walifanya kazi hapa kwetu miaka mingi, na mwaka 1997 wakachapisha matokeo ambayo kila mkazi wa Mwanza anastahili kuyajua. Kwenye mwanga mweupe, jike wa damu ya wekundu alimchagua dume mwekundu na jike wa damu ya buluu akamchagua wa buluu. Wakabadilisha taa, wakaweka mwanga wa rangi ya chungwa ambao unaficha tofauti ya buluu na nyekundu. Majike wakaacha kubagua. Hawakuwa na kitu kingine cha kutegemea.

Na ndivyo ilivyo ziwani. Kule Makobe, ambako maji ni maangavu, wa buluu wanakaa juu karibu na uso wa maji, wekundu wanakaa chini kidogo, na hawachanganyikani. Utafiti uliofuata wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hata macho yao yamepishana: wanaoishi chini zaidi, ambako chembechembe za majini zimeshachuja buluu na kubakiza mwanga mwekundu, wana macho yanayopokea wekundu vizuri zaidi. Sasa ingia ndani ya ghuba, kwenda Luanso, ambako maji ni mazito kama supu. Huko hakuna wa buluu na mwekundu. Kuna samaki mmoja tu wa rangi ya katikati, wa kijivu kilichochanganyika. Jike wa Luanso anakabili kila siku taa ile ya chungwa ya maabara.

Sangara tunamlaumu, na anastahili. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafumuka miaka ya 1980, na wanasayansi wanakadiria kwamba spishi 200 au zaidi za furu zilipotea machoni pa watu waliokuwa wakizihesabu. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa wameanza kazi hapa Mwanza mwaka 1977, wakatazama nyavu zao zikibadilika mwaka hadi mwaka. Lakini sangara anakula samaki, na aliyeliwa anaacha pengo tunaloliona. Maji machafu hayali mtu. Udongo unaotiririka kutoka mashambani na milimani, mbolea, maji taka ya mji huu ambao mimi na nyinyi tunaishi ndani yake, vinarutubisha mwani, mwani unazuia mwanga, na jike anashindwa kumwona mwenzake. Hakuna mzoga unaoelea. Kizazi kinachofuata kinakuwa na rangi ya katikati, na mvuvi anaendelea kuvua na kusema furu wapo.

Ninawasihi wafugaji mambo machache, na ninayasihi kwa moyo wote. Tangi moja, jamii moja ya furu, hasa wale ambao majike wao wanafanana. Andikeni samaki ametoka kwenye mwamba gani, maana jina la duka halisaidii kitu. Jike msiyemjua asili yake msimzalishe, hata kama dume wenu ni mzuri kiasi gani. Na msirudishe ziwani samaki aliyezaliwa kwenye kioo, hata kwa nia njema. Wanafunzi wa uvuvi, nyinyi nawaomba kitu kingine: mkienda kupima maji, chukueni ile sahani nyeupe ya kuzamisha kwa kamba, mwandike inapotea kwenye kina gani, kila mwezi, mahali palepale. Ni sahani tu na kamba. Ndicho kipimo cha umbali ambao jike wa furu anaweza kuona.

Yule Jike namba 2 aliishi miaka minne zaidi. Alizaa na namba 1 na namba 4. Namba 3 sikuwahi kumwona akitaga wala akivaa rangi, na alipokufa sikuwa nimejifunza bado kutazama tundu, kwa hiyo kwenye daftari ameandikwa jike hadi leo bila ushahidi. Tangu hapo jinsia ya samaki naiandika kwa penseli.

Pale mezani pana matangi matatu. La kwanza lina dume mwekundu na majike wawili niliowakagua wiki iliyopita. La pili lina jike mwenye mayai mdomoni, siku ya tisa leo. La tatu lina mmoja peke yake, amepauka, nimemtenga ili nione atavaa nini akikosa wa kumwogopa. Taa ya njano ya ukumbi nimeomba izimwe upande ule, na nimeweka taa nyeupe juu ya kioo. Karibuni mtazame. Msigonge kioo tu, kwa sababu yule wa pili akishtuka anaweza kuyameza.